Tonge Lililosimamisha Moyo

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kipimo cha moyo, mgonjwa wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe. Msimamizi wa chumba, Mpare mmoja mfupi aliyefunga vifungo vya koti lake jeupe mpaka cha shingoni, aliniambia nivue viatu na soksi nipande kitandani. Nilidhani ananitania. Nilikuwa muuguzi mzima, nimehamishwa kutoka wodi ya wanawake, si mtoto wa kuchezewa.

"Utawafanyia watu jambo ambalo wewe hujafanyiwa?" aliniuliza. "Lala, Sista. Usikie baridi ya hii jeli kabla hujaipaka kwa bibi wa watu."

Akamwita muuguzi mwenzangu wa kike, yeye mwenyewe akageukia dirishani. Nilipakwa jeli mikononi na miguuni, nikabanwa vibanio vinne, kisha nikawekewa vikombe vidogo vya mpira kuzunguka titi la kushoto. Mashine ikaanza kunguruma na kutoa karatasi yenye miraba. Msimamizi aliikata, akaiweka mbele yangu, akanionesha: kilima kidogo, halafu kilele kirefu chembamba, halafu mlima wa mviringo, halafu tambarare, kisha yanaanza upya. Sisi watu wa huku tulijifunza upesi kuliko wenzetu waliotoka mbali. Kile kilele chembamba tulikiita Mawenzi, na ule wa mviringo tukauita Kibo, kama vilele viwili vya Kilimanjaro yetu. Mawenzi ikikosekana, hakuna pigo.

Nasimulia haya kwa sababu wajukuu zangu, na vijana kadhaa wanaosomea uuguzi hapa Mwika, huniuliza nilikuwa nafanya kazi gani hasa miaka yote ile mjini. Wengine wanafikiri nilikuwa nawapiga watu umeme. Hata wagonjwa walifikiri hivyo. Akina mama kutoka shambani walikuwa wakiziona zile nyaya wananishika mkono. Nami nilikuwa nawaambia, "Mashine haikupi umeme, mama. Inausikiliza wako." Maana moyo una umeme wake mdogo unaouamrisha kupiga, na kazi yetu ilikuwa kuuchora.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeanzia zahanati moja upande wa Rau. Mganga Mfawidhi wa pale, ndiye mkubwa wa zahanati, alikuwa mtu mzito wa maneno. Wiki yangu ya mwanzo alikuja mzee aliyesema anasikia sauti ya maji ndani ya sikio. Nikacheka. Mganga Mfawidhi alisubiri mzee aondoke ndipo akaniambia, "Mgonjwa akikuletea jambo la ajabu, usicheke na usikatae. Muulize tena. Akikuambia mara ya pili vilevile, basi lipo, wewe ndiye hulijui." Sikupata darasa jingine lililonifaa kuliko hilo.

Kutoka Rau nikapelekwa hospitali kubwa ya Moshi mjini, chini ya Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mwanamke ambaye viatu vyake havikutoa sauti, kwa hiyo hukujua yuko wapi. Kutoka kwake ndiko nikaja kwenye kile chumba, na nikakaa humo mpaka nilipostaafu.

Chumba kilikuwa kidogo lakini kilileta mambo. Nilimpima mwongozaji wa watalii mmoja, kijana mwenye nguvu, moyo wake ukipiga polepole mpaka daktari mwanafunzi akataka kumlaza. Msimamizi wangu akasema, "Muulizeni amepanda mlima mara ngapi." Moyo wa mtu anayepanda mlima kila mara huwa mkubwa na mtulivu, pigo lake moja hufanya kazi ya mapigo mawili ya kwetu. Siku nyingine alikuja fundi seremala ambaye michoro yake yote ilitoka kichwa chini. Nikabadilisha nyaya, nikapima tena, mambo yaleyale. Mwisho nikaweka kiganja kifuani mwake, moyo haukuwepo. Nikahamia kulia, nikaukuta umetulia unadunda. Ulikuwa upande huo tangu azaliwe. Alishangaa, kisha akauliza kama hiyo ndiyo sababu anatumia msumeno kwa mkono wa kushoto.

Lakini hadithi wanayoitaka zaidi vijana wakija ni ya Mzee Anaeli, na wana haki.

Mzee Anaeli alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huku kwetu milimani, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyependa kusumbua watu. Mkewe alifariki, akabaki kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo na nyumba yake, pamoja na mwanawe wa mwisho, Godlisten, dereva wa magari ya watalii. Godlisten alimwoa Zuhura, binti wa Kiboriloni, ambaye mama yake aliuza mitumba katika soko la pale. Familia ya Zuhura ni Waislamu wa mjini wa mchanganyiko mwingi, na ndoa ile ilisemwa sana kabla haijafungwa. Mzee Anaeli ndiye aliyewanyamazisha. Alisema mwanawe amechagua, naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye jioni.

Zuhura akaingia jikoni. Akajifunza kupika kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, akajifunza na nyama ya kuchoma ya kikwetu. Hayakupita mavuno mawili, mzee akaanza kuanguka.

Haya niliyapata kwao wenyewe baadaye, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Mzee alikuwa akiketi kula kama kawaida. Anaweka tonge mdomoni, anatafuna, anameza, halafu macho yanapinduka na anainama mbele kama nguo iliyotoka kwenye msumari. Hakupaliwa, hakukohoa, hakutoa povu. Kabla watu hawajamfikia vizuri alikuwa ameshafumbua macho, anauliza, "Mbona mnaniangalia hivyo?" Mara ya kwanza walicheka. Baadaye akaangukia kwenye mafiga, mkono ukaungua mpaka kiwiko, na kicheko kikaisha. Zahanati walimtibu malaria, wakamtibu vidonda vya tumbo, mwingine akampa vidonge vya kifafa vilivyomfanya asinzie kutwa.

Kisha akaanguka kwenye sherehe ya ubarikio wa kanisani wa mtoto wa ndugu yake, mbele ya ukoo, kipande cha ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, kikiwa ndiyo kwanza kimepita kooni. Dada yake, ambaye wote tulimwita Shangazi Ndeshi, alisimama akasema hadharani lile ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona.

"Kaka yangu amekula mikono ya wanawake wote wa ukoo huu na hajaanguka. Ameanza kuanguka tangu alipoanza kula mkono wa mtoto wa mjini. Nani hapa anaweza kuniambia siyo?"

Mtu akajaribu kusema kwamba ile ndafu haikupikwa na Zuhura, akajibiwa kwamba sumu ikishaingia mwilini haichagui chakula. Wiki ile Godlisten alimteremsha mkewe Kiboriloni kwa mama yake, "mpaka mambo yatulie." Zuhura aliniambia baadaye kwamba njia nzima mumewe aliangalia barabara tu, kama amebeba wageni wasiojua lugha.

Shangazi Ndeshi akahamia kwa kaka yake kumpikia. Na hapa pana jambo la kuangaliwa vizuri. Mzee alipata nafuu. Siku zikapita bila kuanguka. Ukoo ukasema, mmeona. Nani angebisha? Hakuna aliyefikiria kwamba Shangazi, kwa kumhurumia mgonjwa, alikuwa akimlisha uji na mtori, supu nzito ya ndizi, vyote vimepoa na vinateremka vyenyewe. Alipoanguka tena, mara moja tu, alikuwa amepewa kiazi. Shangazi akasema ni mabaki ya sumu yanatoka.

Ni baada ya kiazi hicho Godlisten alimleta baba yake kwetu.

Mzee alilazwa wodi ya wanaume, akaletwa kwangu kupimwa. Akiwa amelala chali, moyo wake ulikuwa mzuri kuliko wangu: kilima, Mawenzi, Kibo, tambarare, bila kasoro. Kichwa kilipigwa picha, hakikuwa na kitu. Damu safi. Kwa kawaida mtu kama huyo angepewa dawa za nguvu akarudishwa nyumbani.

Ila tulikuwa na Daktari Bingwa wa magonjwa ya ndani ambaye alikuwa na tabia ya kuuliza kama mtoto. Asili yake ni Bukoba, mwembamba, na alipokuwa akifikiri alizungusha kalamu sikioni mpaka Metroni akamkataza. Nilikuwa nikitoa vibanio miguuni mwa mzee alipoingia, akavuta kiti, akamgeukia Godlisten.

"Anaanguka akifanya nini?"

"Akila, Daktari."

"Akila, au akimeza?"

Godlisten hakujua. Mzee Anaeli ndiye aliyejibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa nafasi ya kujibu. "Nikimeza. Nikitafuna sina shida. Likishuka likifika hapa," akaweka kidole katikati ya kifua, "taa inazimika."

"Kila tonge?"

"Hapana. Likiwa kubwa. Likiwa kavu. Uji haunifanyi kitu."

Daktari Bingwa akaniangalia mimi. "Nimewahi kusoma jambo hili, Sista. Sijawahi kuliona kwa macho. Tunaweza kumpima mtu wakati anakula?"

Nikamwambia mashine haina ubishi, tatizo litakuwa Metroni.

Metroni alikuja. Akauliza, "Chakula? Katika chumba cha vipimo?" Daktari Bingwa akamweleza. Metroni alisikiliza mpaka mwisho, akasema sakafu itapigwa deki mara mbili, na kwamba yeye mwenyewe atakuwepo. Nilimwona usoni kwamba naye alitaka kujua.

Daktari akamwuliza mzee ni chakula gani kilimwangusha zaidi. Mzee akasema bila kusita, "Kiburu cha mkamwana wangu. Na nyama yake."

Shangazi Ndeshi alikuwa amekaa pembeni na kikapu chake mapajani. "Chakula cha yule hakigusi tena mdomo wa kaka yangu," alisema. "Mkitaka kumuua, muueni ninyi wenyewe kwa sindano zenu."

"Mama," Daktari Bingwa alimjibu kwa upole, "kitakuwa mbele yako. Kitakuwepo cha kwake, na kitakuwepo ambacho hakitoki kwake. Tunataka kuona moyo unasema nini kwa kila kimoja."

Shangazi hakukubali wala hakuondoka.

Kesho yake asubuhi Zuhura, aliyepelekewa ujumbe na Godlisten, alikuja na hotipoti ameifunga kwa kitenge. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa msichana mwembamba, ushungi wa kijani, macho yamevimba. Akatusalimia sote shikamoo, kisha akamgeukia Shangazi akasema, "Shikamoo, Shangazi." Shangazi akaitikia "Marahaba" akiwa anaangalia ukuta. Zuhura akafungua hotipoti, akachota kijiko, akala mwenyewe mbele yetu bila kuambiwa na mtu. Kisha akasogea nyuma, karibu na mlango.

Tulikuwa tumejiandaa. Kitanda kilinyanyuliwa upande wa kichwani, mzee akakaa ameegemea. Dawa ya kuuamsha moyo ilikuwa tayari ndani ya bomba la sindano, mtungi wa hewa uko karibu. Nilimbana vibanio, nikaweka vikombe, nikawasha mashine, karatasi ikaanza kutambaa mezani.

Tukaanza na maji. Hakuna. Uji wa jikoni kwetu, hakuna. Daktari akainua kijiko cha kiburu. Mzee Anaeli akamtazama dada yake, akamtazama na Zuhura, akasema, "Nipeni."

Akala kijiko kidogo. Mashine ikaendelea kuchora. Akala cha pili, kikubwa. Nilikuwa nimekodolea macho karatasi, nikaona nafasi kati ya Mawenzi na Mawenzi inapanuka kidogo, kama mtu anayevuta hatua, halafu ikarudi kama mwanzo. Nikamwonesha Daktari, akatikisa kichwa kukubali. Lakini mzee hakuanguka. Kiburu kilikuwa laini, na safari kutoka Kiboriloni ilikuwa imekipoza.

"Mnaona," alisema Shangazi Ndeshi. "Leo mbele ya watu hakuweka kitu."

Zuhura aliinamisha kichwa. Mimi mwenyewe nilisikia uchungu, maana niliona kwamba katika hesabu ile binti hakuwa na mlango wa kutokea. Mzee akianguka, ni sumu. Asipoanguka, ni ujanja.

Daktari Bingwa hakubishana. Aliuliza tu, "Mama, kwenye kikapu una nini?"

"Chakula changu cha mchana. Ndizi za kuchoma. Nimezichoma mwenyewe, kwa mkono huu."

"Unaziamini?"

"Nisiziamini vipi?"

"Basi mpe kaka yako."

Shangazi alichagua ndizi nzuri, akaikata kwa vidole, akampa kaka yake kipande kikubwa kama ishara ya upendo. Ilikuwa kavu, imekaza kwa moto. Mzee aliitafuna muda mrefu, akajikaza, akameza. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Mawenzi ikaja, ikaja nyingine kwa kuchelewa, kisha haikuja tena. Kalamu ya mashine ilichora mstari ulionyooka, na mstari ukaendelea.

"Umesimama, Daktari," nilisema.

Macho ya mzee yalipanda juu, shingo ikalegea, mkono ukaanguka pembeni mwa kitanda. Godlisten akaita, "Baba." Daktari Bingwa alikuwa ameshamshika mzee kifundo cha mkono, mkono mwingine ukiwa kwenye bomba la sindano, lakini hakuchoma. Alikuwa anaangalia karatasi. Mstari, mstari. Nimefanya kazi ile miaka mingi na sijawahi kuona karatasi inakwenda polepole namna ile. Kisha kikatokea kilele kimoja, kikubwa na kibaya, kisha kingine, kisha kilima na Mawenzi na Kibo vikarudi mahali pake.

Mzee Anaeli akafumbua macho. "Mbona mnaniangalia hivyo?" akauliza.

Zuhura ndiye aliyesogea, akamfuta mdomo kwa ncha ya ushungi wake. Metroni alikuwa ameshika pembe ya meza.

Shangazi Ndeshi aliinuka. Alikuja mpaka kwenye mashine, akaniomba nimwoneshe. Nikamwonesha pale mstari ulipolala. Akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Hapa alikuwa amekufa?"

"Hapa moyo ulikuwa umesimama, mama. Ukaanza tena wenyewe."

"Na ile ndizi ni ya kwangu."

"Ni ya kwako."

Akarudi kwenye kiti. Akafunika kikapu chake kwa kitambaa, akakaa ameshika ukingo wake kwa mikono miwili.

Daktari Bingwa aliwaeleza wote pamoja, akamhusisha na mzee mwenyewe, kwa sababu alichukia kuzungumza juu ya mtu kama hayupo. Alisema kuna neva moja ndefu, uzi wa kupeleka amri, unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kushuka kifuani. Njiani unahudumia umio, lile bomba la kupitishia chakula kutoka kooni mpaka tumboni, na unahudumia moyo, na tumbo pia. Kazi yake kwa moyo ni kuutuliza. Kwa watu wachache sana, tonge likipita na kuutanua umio, neva hiyo inashtuka, inaupa moyo amri kali ya kutulia. Moyo unatii kupita kiasi. Unasimama. Damu haifiki kichwani, mtu anazimia.

Mzee Anaeli alifikiri. "Ni kama mfongo," alisema. Mfongo ni mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. "Maji ni mamoja, yanagawanywa. Mtu wa juu akishtuka akaziba vibaya, shamba la chini linakauka."

"Ni hivyohivyo, Mzee. Naomba niutumie mfano huo kwa wanafunzi wangu."

"Utumie. Lakini nimemeza chakula tangu nilipozaliwa, Daktari. Kwa nini neva ishtuke sasa, uzeeni?"

"Sijui," alisema Daktari Bingwa. "Tutaangalia umio kwa kamera tuone kama kuna kinachokwaruza. Tusipoona kitu, nitabaki sijui."

Waliangalia, hawakuona kitu. Alibaki hajui, na hakuona haya kulisema.

Tiba ilikuwepo. Mzee alipelekwa Dar es Salaam, akawekewa chini ya ngozi ya kifua kifaa kidogo cha kuongoza mapigo, ambacho watu wengi hukiita betri ya moyo. Kinakaa kimya, kinasikiliza. Moyo ukichelewa, kinaugutusha. Aliporudi, Daktari Bingwa alitaka kuona, na mimi nilitaka zaidi yake. Tukamkalisha palepale, Godlisten akamchomea ndizi kavu kwa makusudi. Mzee akameza. Nikaona nafasi inapanuka, na pale ambapo mstari ungeanza kulala ikatokea alama nyembamba kama mwiba, na nyuma yake pigo. Mwiba, pigo. Mwiba, pigo. Mzee Anaeli alikuwa akituangalia kwa zamu, macho yake yako wazi kabisa.

"Niongezeeni," alisema.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Zuhura hakurudi. Siku ile ya ndizi alibeba hotipoti yake akapanda gari la Kiboriloni, na Godlisten alipomfuata kumwambia kwamba sasa kila kitu ni wazi, alimjibu maneno ambayo Godlisten alikuja kunieleza kibarazani kwetu hospitali, kwa kuwa aliniona ni mtu wa nyumbani na hakujua amweleze nani.

"Ameniambia, 'Aliyenifukuza si ugonjwa, ni watu. Wanaonirudisha wawe watu. Na wewe ulikuwa mmoja wao.' Nifanyeje, Sista?"

Nilimuuliza amejibu nini. Akasema hakujibu. Nikamwambia aanzie hapo basi.

Godlisten alihamia Kiboriloni kwa mama mkwe. Kwa mwanamume wa kwetu kwenda kulala ukweni, watu walisema maneno, na alijua watayasema. Asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa akimbebea mama mkwe marobota ya mitumba mpaka mezani kwake sokoni, mchana kweupe, wakipita watu wa Mwika waliomjua.

Baada ya muda Mzee Anaeli alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi yeye na dada yake watashuka Kiboriloni na angependa niwepo. Nilikuta wamefika. Mama Zuhura alikuwa ametandika mkeka mpya, kuna pilau jikoni. Shangazi Ndeshi alikuwa amesimama nje ya mlango, hataki kuingia kabla hajasema. Mkononi alishika jani la isale, ambalo kwetu ukimletea mtu uliyemkosea na ukaomba nalo, si jambo dogo kulikataa. Mama Zuhura alizaliwa Moshi, aliujua uzito wake. Alipoliona alimwita binti yake kutoka jikoni.

"Nilisema neno mbele za watu," Shangazi Ndeshi alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu anayefikiri kwa Kichagga. "Halikuwa kweli. Nimekuja kulirudisha mbele za watu. Nisamehe, mwanangu."

Zuhura aliangalia lile jani muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Shangazi. Lakini kupanda kule juu, nitapanda siku nikiwa tayari. Usinihesabie siku."

"Sikuhesabii."

"Basi ingieni mle chakula."

Tuliingia, tukala. Shangazi Ndeshi alikula sana, kwa makusudi. Zuhura alipanda Mwika msimu wa kahawa uliofuata, kwa hiari yake, akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza.

Mimi nilistaafu miaka michache baadaye. Metroni aliyekuwepo wakati huo, mwingine, mdogo kwangu, alitoa hotuba nzuri iliyonisifu kwa uvumilivu. Ningependa angenisifu kwa udadisi, ila hiyo haizoeleki katika hotuba. Sasa mashine ni ndogo, zinabebwa mkononi, na kijana anaweza kusoma mapigo ya mtu kwenye simu. Nafurahi. Wakinitembelea nawaambia tu kwamba hakuna mashine itakayomuuliza mgonjwa kama ni akila au akimeza. Nawaambia pia kwamba mtu anameza mara nyingi kwa siku bila kujua, na kila mara neva ile ndefu inaguswa, na moyo unavumilia. Siku hizi nikimeza chai wakati mwingine nasimama kidogo nisikilize. Sisikii kitu, na hilo nalo naliona la ajabu.

Mzee Anaeli bado anakula nyama, polepole. Shangazi Ndeshi meno yamemwisha, na ni Zuhura anayemkatia chakula vipande vidogo. Juzi nilipita pale kuomba migomba ya kupanda, nikamkuta Shangazi kibarazani anamenya ndizi. Tukazungumza ya shamba, tukazungumza ya kanisa, kisha akaweka kisu chini.

"Sista, kuna jambo huwa nalifikiria. Siku ile hospitali, kama kaka yangu angeangukia kwenye kiburu cha Zuhura, si kwenye ndizi yangu. Ungeniambia nini?"

"Ningekuambia yaleyale, Shangazi. Kwamba ni neva."

"Na mimi?"

"Wewe usingenisikia."

"Kweli," alisema. "Nisingesikia." Akachukua kisu, akaendelea kumenya.